Maziwa ya Mkebe na Tumbo la Mtoto Mchanga

Ukiingia jioni katika duka la dawa katika mji wo wote wa Kenya, ni rahisi kumkuta mzazi amesimama mbele ya rafu ya maziwa ya unga ya watoto, ameshika mkebe mkononi, anaugeuza-geuza na kuusoma kwa wasiwasi. Nyumbani ameacha mkebe mwingine ambao haujafika hata nusu. Mtoto alinyweshwa maziwa yale kwa siku tano, akalia, akajinyonga-nyonga, akakunja magoti mpaka tumboni, akajamba sana, na choo chake kikawa cha rangi ya kijani. Jirani akaona, akasema, "Maziwa hayo yamemkataa. Badilisheni." Basi baba amechukua fedha zilizowekwa kwa kodi ya nyumba, amekuja kununua maziwa ya namna nyingine. Baada ya majuma mawili huenda akarudi tena kununua ya namna ya tatu.

Twataka leo kueleza kwa nini fedha hizo mara nyingi hupotea bure, na ni wapi hasa mzazi apaswapo kutazama wakati tumbo la mtoto linapomsumbua.

Kwanza ni lazima kusema neno moja waziwazi. Hapana maziwa yanayoshinda maziwa ya mama, na waganga wa dunia nzima wanakubaliana kwamba mtoto anyonye tu, bila hata maji, mpaka atimize miezi sita. Lakini makala haya hayakuandikwa ili kumlaumu mtu. Wako watoto waliofiwa na mama zao. Wako akina mama ambao ni wagonjwa sana, au wanatumia dawa kali ambazo haziruhusu kunyonyesha. Wako wanaorudi kazini wakati likizo ya uzazi ya miezi mitatu, iliyowekwa na sheria ya kazi ya mwaka 2007, inapokwisha. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima katika mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto kumi walio chini ya miezi sita, sita walikuwa wakinyonya tu. Wanne waliobaki walikwisha kupewa kitu kingine, kama vile maji, uji, maziwa ya ng'ombe au maziwa ya mkebe. Kwa hiyo jambo hili linahusu nyumba nyingi.

Sasa tutazame kilichomo ndani ya mkebe. Maziwa ya unga ya watoto karibu yote hutokana na ng'ombe. Ng'ombe alipewa maziwa kwa ajili ya ndama, naye ndama husimama kwa miguu yake siku ile ile azaliwayo, na hukua upesi sana. Ndiyo sababu mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina gramu tatu na zaidi za protini, yaani chakula cha kujenga mwili, na maziwa ya mama yana gramu moja tu hivi. Tena protini iliyo nyingi katika maziwa ya ng'ombe ni ile iitwayo kaseini, ambayo ikifika tumboni huganda na kuwa madonge magumu. Tumbo la ndama hufurahia madonge hayo, lakini la mtoto wa binadamu huona kazi kubwa kuyalainisha.

Watu wenye elimu walianza zamani kutafuta njia ya kuyarekebisha maziwa ya ng'ombe ili yamfae mtoto. Bwana Justus von Liebig, Mjerumani, alitangaza chakula chake cha watoto katika mwaka 1865, na Bwana Henri Nestlé akatengeneza chake katika mji wa Vevey, Uswisi, katika mwaka 1867. Tangu siku hizo kazi imesonga mbele sana. Siku hizi kiwanda hupunguza protini, huongeza yale maji ya maziwa yabakiyo baada ya maziwa kugandishwa, huongeza sukari ya maziwa, huondoa mafuta ya ng'ombe na kutia mafuta ya mimea, kisha hutia madini ya chuma na vitamini. Kitokacho hapo si sawa na maziwa ya mama, lakini ni mbali na maziwa matupu ya ng'ombe. Maziwa matupu ya ng'ombe, hata yakichanganywa na maji, hayafai kuwa kinywaji kikuu cha mtoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja, maana hulemea mafigo yake, yana chuma kidogo mno, na huweza kuyafanya matumbo yake yatoke damu kidogo kidogo bila mtu kuona.

Basi mtoto anapoanza maziwa ya mkebe, mambo kadha wa kadha hubadilika, na mzazi asiyejua huyaita ugonjwa. Choo cha mtoto anyonyaye ni chepesi, cha manjano, wala hakinuki sana. Cha mtoto wa chupa ni kizito zaidi, chanuka zaidi, na rangi yake yaweza kuwa ya udongo au ya kijani. Ile rangi ya kijani mara nyingi hutokana na madini ya chuma yaliyotiwa ndani ya mkebe. Kama mtoto anakunywa vema, anacheka, na anaongeza uzito, rangi hiyo si jambo la kuogopesha.

Kucheua nako ni vivyo hivyo. Mlango wa juu wa tumbo la mtoto mchanga haujakaza bado, kwa hiyo maziwa kidogo hurudi mdomoni. Karibu nusu ya watoto wote hucheua angalau mara moja kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, wawe wa ziwa au wa chupa, na wengi huacha kabla au mara baada ya kutimiza mwaka. Mama hufua nguo nyingi, lakini mtoto hana dhara.

Kisha kuna kilio. Hapa twaomba msomaji asome polepole, kwa kuwa hapa ndipo mikebe mingi inapotupwa. Katika mwaka 1954 Daktari Morris Wessel na wenzake huko Marekani walieleza kilio cha watoto ambacho huku kwetu wengine hukiita chango na wengine msokoto wa tumbo. Walisema ni kilio cha mtoto mzima wa afya, anayelia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa juma, kwa muda wa zaidi ya majuma matatu. Kilio hiki huanza mtoto akiwa na majuma mawili au matatu, huzidi kabisa anapofikia majuma sita, kisha hupungua chenyewe, na kufikia mwezi wa tatu au wa nne huwa kimekwisha. Huwapata watoto wanyonyao na watoto wa chupa karibu sawasawa.

Tazama basi jinsi mzazi anavyodanganyika. Mtoto akiwa na mwezi mmoja analia, baba anabadilisha maziwa. Majuma sita yanafika, kilio kinazidi, baba anasema maziwa ya pili ni mabaya kuliko ya kwanza, ananunua ya tatu. Mwezi wa tatu unaingia, kilio kinakoma. Mkebe wa tatu unapewa sifa zote, na habari zake zinatangazwa kwa majirani, ingawa mtoto angalinyamaza siku ile ile hata kama asingalibadilishiwa kitu. Mwenye duka hafanyi haraka kumsahihisha mtu.

Hata hivyo si kila kilio ni cha namna hiyo. Mara nyingi tumbo la mtoto wa chupa huumia kwa sababu ya jinsi maziwa yanavyopimwa na kunyweshwa. Katika jambo hili mimi mwandishi ni shahidi, wala si shahidi mwenye kujivuna. Mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na miezi miwili mama yake aliugua akalazwa, na mtoto akabaki nami na bibi yake. Tulimwanzishia maziwa ya mkebe, naye akafunga choo. Nilidhani maziwa ni mazito mno, nikapunguza kijiko kimoja kati ya vitano katika kila chupa. Choo kililegea, nami nikajisifu kwa akili yangu. Tena mkebe ulidumu siku nyingi zaidi, jambo ambalo halikunichukiza. Baada ya majuma matatu nesi alimweka mtoto katika mizani, akatazama kitabu cha kliniki, akaniuliza kwa upole, "Baba, wewe unatia vijiko vingapi?" Nilipomjibu alinyamaza kidogo. Mtoto hakuwa ameongeza hata robo ya kilo katika majuma yale matatu, na kilio chake cha usiku ambacho tulikiita tumbo kilikuwa ni njaa.

Maziwa yaliyozidishwa maji ni njaa iliyofichwa ndani ya chupa iliyojaa. Na maziwa yaliyozidishwa unga nayo ni hatari, maana humkausha mtoto maji mwilini, hukaza choo chake na kuyachosha mafigo. Kwa hiyo mzazi asipunguze wala asiongeze. Tumia kijiko kilichomo katika mkebe ule ule, maana kijiko cha mkebe mwingine huenda ni kikubwa au kidogo. Mikebe mingi huagiza kijiko kimoja kwa kila mililita 30 za maji, lakini si yote. Iko inayoagiza kijiko kimoja kikubwa kwa mililita 60. Tia maji kwanza ndani ya chupa, uyapime, ndipo utie unga. Kijiko kisishindiliwe wala kisiwe na kilima juu. Kisawazishwe kwa mgongo wa kisu kisafi. Usitie sukari, wala uji, wala unga wa wimbi katika chupa kwa kudhani kwamba mtoto atashiba na kulala.

Maji nayo yana habari yake. Watu wengi hudhani kwamba unga wa mkebe uliofungwa hauna wadudu wa ugonjwa. Sivyo. Unga huo haukuuliwa wadudu wote, na mara chache huweza kuwa na wadudu waitwao Cronobacter, ambao huwadhuru vibaya sana watoto wachanga. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilishauri katika mwaka 2007 kwamba unga uchanganywe na maji yenye moto usiopungua digrii 70, ambayo huwaua wadudu hao. Nyumbani bila kipima joto, fanya hivi: chemsha lita moja ya maji hasa, yaache katika birika iliyofunikwa kwa muda usiozidi nusu saa, kisha changanya maziwa. Yakiisha kuchanganyika, iweke chupa ndani ya bakuli la maji baridi mpaka ipoe, ukajaribu tone moja juu ya kifundo cha mkono wako. Maziwa ambayo mtoto hakuyamaliza katika saa mbili yamwagwe. Najua kwamba neno hili ni chungu kwa mtu aliyenunua mkebe kwa shida. Basi ni afadhali kutengeneza kidogo kidogo.

Chupa yenyewe ndiyo mlango wa hewa. Mzazi akiitikisa chupa kwa nguvu kama mtu achanganyaye dawa ya mifugo, povu hujaa, na mtoto humeza povu. Izungushe polepole, kisha iache kitambo povu lishuke. Wako pia wanaotoboa chuchu ya mpira kwa sindano ya moto ili maziwa yashuke upesi. Mtoto huyagugumia, hupaliwa, humeza hewa, kisha hulia. Mketishe mtoto nusu wima mapajani, inamisha chupa hata chuchu ijae maziwa, mpumzishe katikati, na akimaliza mweke begani umpapase mgongoni mpaka abeue. Usimwache kamwe amelala peke yake na chupa imeegemezwa kwa nguo.

Na kwa nini iwe chupa? Kikombe kidogo kisicho na pembe huoshwa kwa urahisi kuliko chupa na chuchu, ambazo zina mikunjo ya kuficha masalio ya maziwa. Hata mtoto aliyezaliwa juzi huweza kunywa kwa kikombe akishikwa wima na kikombe kikiguswa tu mdomoni, bila kumiminiwa. Nesi atakuonyesha.

Tuseme sasa juu ya dawa. Ile dawa ya maji ya kutuliza tumbo ambayo nyanya zetu wengi waliifahamu ilibuniwa Uingereza na Bwana William Woodward katika mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na kileo ndani yake. Si ajabu watoto walinyamaza! Zinazouzwa siku hizi kwa kawaida hazina kileo, lakini hapana uthibitisho mzuri kwamba zinaponya kilio cha tumbo. Dawa za mizizi na majani, na maji yenye chumvi, zisipewe mtoto mchanga kabisa.

Wengine husema, "Sisi Waafrika hatuwezi maziwa, ndiyo sababu mtoto anaumwa." Maneno haya yana ukweli nusu. Watu wazima wengi wa makabila yasiyokuwa wafugaji huharisha wanywapo maziwa mengi, kwa sababu miili yao iliacha kutengeneza kitu kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Lakini mwili huacha kazi hiyo baada ya utoto. Mtoto mchanga anayo nguvu ya kuivunja sukari hiyo, na maziwa ya mama yake yana nyingi zaidi kuliko ya ng'ombe. Mtoto anayezaliwa bila nguvu hiyo ni nadra sana. Huweza kupungua kwa muda baada ya kuharisha vibaya, kisha hurudi.

Wapo watoto wachache, wawili au watatu hivi katika kila mia, ambao miili yao kweli huikataa protini ya ng'ombe. Hao huonyesha dalili zaidi ya kilio: damu au kamasi katika choo, vipele vya ukurutu, kutapika kusikokoma, na uzito usiopanda. Kwa mtoto wa namna hii kubadilisha mkebe mmoja kwa mwingine wa kawaida hakusaidii kitu, kwa kuwa mikebe yote mitatu ya yule baba tuliyemtaja ilitoka kwa ng'ombe, tofauti ni karatasi ya nje. Maziwa ya mbuzi nayo hayafai, maana protini yake yafanana mno na ya ng'ombe. Mtoto huyu ahitaji maziwa ya namna ya pekee, ambayo daktari ndiye atakayeyachagua.

Lakini adui mkubwa wa mtoto wa chupa ni kuharisha kunakotokana na maji machafu. Nchi ya Botswana iliona jambo hili kwa uchungu. Kwa miaka kadha serikali ya huko ilikuwa ikiwapa maziwa ya unga bure akina mama wenye virusi vya Ukimwi, ili wasiwaambukize watoto kwa kunyonyesha. Mvua kubwa zilianza kunyesha mwishoni mwa mwaka 2005, maji yakachafuka, na katika miezi ya kwanza ya 2006 watoto wadogo zaidi ya 500 wakafa kwa kuharisha. Wachunguzi walipokwenda hospitalini waliona kwamba watoto waliokuwa katika hatari kubwa kuliko wote ni wale wasionyonya. Leo mashauri yamegeuka. Hapa Kenya mama mwenye virusi huambiwa atumie dawa zake kila siku bila kukosa na kumnyonyesha mtoto wake, miezi sita ya kwanza kwa maziwa yake tu. Asiache ziwa kwa hofu kabla ya kuzungumza na mganga wake.

Mpeleke mtoto hospitali siku ile ile, wala usingoje asubuhi, ukiona mambo haya: anatapika matapiko ya kijani, tumbo limevimba na kuwa gumu, choo kina damu, ana homa naye hajafikisha miezi mitatu, anakataa kunywa au ni mlegevu, utosi umebonyea, au hajakojoa kwa saa sita. Anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari yaliyo katika pakiti za zahanati kama atakavyoelekeza mhudumu, na maziwa yake yasikatizwe. Mama anayenyonyesha azidi kunyonyesha.

Na mama anayeingia kazini ajue pia kwamba maziwa yake mwenyewe aliyoyakama kwa mkono safi hukaa saa nne mahali pasipo na joto kali, na siku nne ndani ya friji. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewaagiza waajiri kuweka mahali pa kufanyia jambo hilo, ingawa wengi wao, kwa kadiri nionavyo, bado hawana hata kiti. Aliyekwisha kuacha kunyonyesha kwa majuma machache naye aweza mara nyingi kurudisha maziwa, kwa kumweka mtoto kifuani mara kwa mara mchana na usiku.

Mzazi anayemwona mtoto wake wa chupa akisumbuliwa na tumbo, kabla ya kununua mkebe mwingine, aende kliniki akiwa amechukua mkebe anaoutumia, kijiko chake, chupa, na kitabu cha mtoto. Amwombe nesi ampime mtoto uzito, kisha achanganye maziwa mbele yake kama afanyavyo nyumbani, hatua kwa hatua, bila kuona haya.